Nilivyogombezwa Nikiwa Nimefumba Macho

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi mbele na ninyi mliosimama mlangoni! Naitwa Selina, nimeokoka, nakaa hapa Kinoo, na leo sikuja kuwapambia maneno. Ushuhuda wangu ni mchungu. Kama kuna mtu alitaka ule wa kurukaruka, atanivumilia.

Ndugu zangu, kuna mama mmoja aliyeniajiri kazi ya dobi. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Madam. Tulianza wanawake wachache, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wetu, na mabeseni kwenye ua wa nyumba ya kupanga. Tulifua pamoja, tukala githeri, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja. Nikiunguza kola ya shati ananiambia papo hapo, "Selina, hii umeiharibu, sasa utamwambia nini mwenyewe?" Ilikuwa inauma, lakini ilikuwa inaisha. Jioni tunacheka.

Mungu akabariki ile kazi. Nyumba kubwa za Lavington zikaanza kutuletea mapazia na mashuka. Mashine zikaja, tukahamia jengo kubwa, watu wakawa wengi, mimi nikawekwa msimamizi wa wapiga pasi. Na hapo ndipo Madam alipoacha kuongea na sisi. Akaanzisha maombi ya asubuhi.

Mtaniuliza, Selina, maombi yana ubaya gani? Subirini. Tulisimama duara, tumeshikana mikono, tumefumba macho, na Madam anaomba kwa sauti. "Baba, mguse Rispa, aache kuchelewa. Baba, mfungue macho msimamizi wetu, aone mashuka yanayorudishwa na wateja." Ati hayo ni maombi! Sasa ukitaka kujitetea, utajitetea kwa nani? Huwezi kumkatiza mtu anayeongea na Mungu. Unasema Amina, unaenda kupiga pasi na hasira zako. Mchana ukimfuata umwulize shida iko wapi, anakujibu kwa upole, "Mimi nimeshamwachia Bwana." Jameni! Alimwachia Bwana mbele ya watu wote!

Kisha mume wangu akaondoka. Alibeba nguo zake na redio, akaniacha na watoto. Nilimwendea Madam ofisini, nikafunga mlango, nikamweleza nikilia, nikaomba ruhusa nikawatulize watoto. Akanishika mkono, akanipa. Asubuhi niliyorudi, kwenye duara, nikasikia: "Baba, mkumbuke Selina, ambaye mume wake amemtoroka, ndiyo maana akili yake haiko kazini." Na wenzangu wote, hata Rispa, msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe, wakasema Amina. Tena kwa nguvu!

Ile Amina iliniua. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, sikuweza kuomba. Nikipiga magoti nyumbani, nasikia sauti ya Madam. Watoto wakisema, "Mama, ombea chakula," namwambia mkubwa aombe yeye. Hapa kanisani nilikuwa nafungua mdomo tu, na ninyi mkinipa mkono mlangoni mkidhani niko sawa. Mshahara ulikuwa unaingia, lakini yule Mungu niliyemjua tangu nikiwa mtoto kule Bungoma nilikuwa nimempoteza. Na nilimchukia yule mama.

Halafu zamu ya Rispa ikafika. Alikuwa na mimba, hajaolewa, na mvuke wa pasi ulikuwa unamtapisha. Akaniambia ameenda kwa Madam kwa siri kuomba abadilishiwe kazi. Kesho yake Madam akaanza: "Baba, tunakuletea binti yetu Rispa, na hii hali aliyojiletea..." Nikahisi Rispa akinifinya mkono. Nikafumbua macho.

"Madam," nikasema, "Rispa huyu hapa. Mwite kando umwambie yeye."

"Selina! Unakatiza maombi?"

"Haya si maombi, Madam. Unatugombeza tukiwa tumefumba macho."

Nikamwaga unga siku hiyo hiyo, kazi ikaisha. Na msidhani kuna aliyenitetea! Rispa mwenyewe alishika pasi yake akaangalia chini. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kando ya Waiyaki Way, nikitukana kimoyomoyo. Mara nikasema kwa sauti, "Mungu, wewe umeyaona haya?" Nikaendelea. Nikamwambia habari za mume, za ile Amina, za kodi ya nyumba. Watu wa bodaboda wananitazama wakidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa karibu kufika ndipo nikashtuka. Kumbe naomba! Macho wazi, kamasi zinatoka, naomba! Haleluya! Na yeye hakuwa ameenda popote.

Leo nina kazi yangu ndogo ya dobi, na wanawake wawili ninaofanya nao kazi. Mmoja akiharibu nguo namwita kando, namwambia tukitazamana, naye ananijibu, mara nyingine ananijibu vibaya sana. Tunamalizana. Asubuhi tunaombea wagonjwa na tunaomba jua la kukausha nguo, basi. Ninyi ambao kazi zenu zinakua, nawasihi, ongeeni na watu wenu. Msimtume Mungu kuwagombezea watu!

Mchungaji alinishauri nimalize kwa kusema nimemsamehe Madam. Siwezi kuwadanganya nikiwa nimesimama hapa. Kila siku naombea watu wote ninaowajua, na nikifika kwa yule mama ulimi unakataa, nanyamaza. Mungu hanifokei. Hanianiki mbele ya watu. Ananingoja tu. Anayengoja hivyo, ndugu zangu, mwaminini, hata kama hamna la kumwambia. Na mwenye nguvu amwombee yule mama, kwa sababu mimi bado siwezi.