Bi Wembe Aliyeipeleka Nuru Ofisi ya Mitihani

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia, mwenzetu anastaafu kwa mujibu wa sheria. Nasema kwa mujibu wa sheria kwa sababu kwa hiari yake asingetoka. Wanafunzi walimwita Bi Wembe, naye akalikubali jina. Wengi walidhani ni kwa ajili ya ulimi wake. Ulimi ulichangia, sikatai, lakini jina lilianzia kwenye nyembe zenyewe.

Alipofika hapa, maabara ilikuwa na meza nne, mabomba mawili makavu na kabati ambalo ufunguo wake ulishapotea. Aliambiwa somo la nuru alifundishe kwa chaki, wanafunzi wakariri. Hakutaka. Alipaka kipande cha kioo masizi ya mshumaa, akabana nyembe mbili pamoja, akakwaruza nyufa mbili nyembamba zilizokaribiana. Kalamu za leza zilipoanza kuuzwa madukani alinunua moja, akamulika kupitia nyufa zile, na ukutani ikatokea michirizi, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Nuru juu ya nuru ikazaa giza! Darasa zima lilisimama. Hapo ndipo alipowaeleza kwamba nuru ni wimbi, na kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, hufutana.

Alipofika kwenye mawimbi ya redio, aliomba simu ya Mkuu wa Shule, akaiviringishia karatasi ya aluminiamu tabaka kadhaa, akaagiza ipigwe. Haikulia. Kipindi kikaisha, karatasi ikasahaulika, na mke wa Mkuu akahangaika kumtafuta mumewe hadi adhuhuri. Mkuu alikuja amefura. Bi Wembe akamweleza kwa utulivu kwamba mawimbi ya simu, ya redio na mwanga wa jua ni ndugu wa ukoo mmoja, wanatofautiana urefu wa wimbi tu. Mkuu akasema, “Hilo ukamweleze mke wangu.” Alikwenda. Akamweleza.

Lakini nisingeandika wasifu huu kwa ajili ya simu. Naandika kwa ajili ya mwaka ule ofisi ya mitihani ilipotutungia mtihani wa majaribio, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa mwisho.

Swali la tisa liliuliza michirizi itakuwaje nyufa zikisogezwa karibu zaidi. Wanafunzi wetu kumi na tisa walijibu kwamba itatanuka, kama walivyoona maabara. Mwongozo wa kusahihishia ulisema itabanana. Wote wakakoseshwa, na kumi na mmoja kati yao wakashuka chini ya alama ya kufaulu, maana yake wasingeruhusiwa kufanya fizikia kwenye mtihani wa mwisho. Binti wa fundi cherehani alikuja ofisini na karatasi yake imelowa machozi. “Mwalimu, niliona kwa macho yangu. Sasa niandike nini?”

“Andika ulichokiona,” Bi Wembe alimjibu. “Mengine niachie.”

Mkuu alimsihi anyamaze, tusije tukaonekana wakorofi. Bi Wembe akasema, “Tuonekane.” Akaenda ofisi ya mitihani, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Ikajibiwa kwa mstari mmoja, kwamba mwongozo ukishapitishwa haubadilishwi. Asubuhi iliyofuata alinikuta nakunywa chai. Mimi ni mwalimu wa kemia, mtu wa amani. Akanikabidhi kasha la vifaa na kusema, “Beba.” Nikabeba, nikamfuata hadi ofisi ya mitihani.

Msimamizi wa usahihishaji alikuwa bwana mnene mwenye miwani ya kusomea. Hakutuinulia uso. “Mwongozo ni mwongozo, mwalimu. Na uhamisho ni karatasi moja tu.”

“Nihamishe,” alisema Bi Wembe. “Nuru hutaihamisha. Haijausoma mwongozo wako.”

Kisha akafungua mlango wa stoo ya mafaili, chumba kisicho na dirisha, akaingia bila kuomba ruhusa. Karani mmoja akacheka, akamfuata, na wenzake nao wakafuata. Msimamizi aliingia kwa hasira, nadhani alitaka kututoa. Bi Wembe akampa rula, akawasha leza. Kioo cha kwanza kilikuwa na nyufa zilizochorwa na nyembe mbili zenye kipande cha karatasi katikati. Ukutani, umbali wa mita nne, michirizi ilipishana kwa sentimita moja na kidogo. Kioo cha pili kilichorwa na nyembe zilizogusana. Msimamizi akapima. Akafuta miwani, akapima tena. Sentimita mbili na nusu.

Karani aliyecheka akachungulia rula: “Mzee, imetanuka.”

Alama zilirudishwa, si kwa shule yetu peke yake bali kwa shule zote zilizofanya mtihani ule. Binti wa fundi cherehani leo anapima watu macho hospitalini. Bi Wembe yeye alipata barua ya onyo kwa kuingia stoo bila kibali. Aliitia fremu, akaitundika maabara kando ya kanuni za usalama.

Hasara ilikuwepo, tusipambe. Ukuu wa idara ulimpita mara mbili. Mara ya pili nilipewa mimi, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya kasha. Nilipokwenda kumwomba radhi, aliniuliza kama bajeti yangu ina nafasi ya lenzi mpya.

Wiki iliyopita ulikuja waraka kwamba maabara ikatwe nusu iwe chumba cha mashine za kuchapia, na majaribio yafundishwe kwa picha. Bi Wembe, akiwa na siku chache mkononi, hakutamka lolote. Sisi walimu saba tuliandika barua ya kukataa. Sahihi ya kwanza ni yangu. Tulimpelekea aisome kabla ya kuituma. Akasahihisha neno moja kwa kalamu nyekundu, akavua miwani na kututazama mmoja mmoja.

“Mmechelewa,” alisema, “lakini mmefika.”

Asante, dada yetu, kwa miaka yote uliyokataa. Pumzika ukitaka, na usipotaka, tunajua hakuna wa kukulazimisha. Afya njema, siku ndefu, na amani nyumbani kwako. Barua tumeshaituma.