Ukisikia "Ninacho"

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haina tena nguvu ya kuvuka chumba. Meneja, mwanangu wa kwanza, keti hapa ubavuni, nishike mkono. Leo hakuna kikao cha kuongoza.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili, sawa kwa sawa. Uwanja wa nyuma tuliachiwa na baba yenu mdogo, au ndivyo alivyotangaza, maana tangu siku hiyo hapiti msiba wala harusi bila kutukumbusha kwamba ulikuwa wake. Hata mazikoni kwangu atayasema, nanyi mwitikieni kwa adabu, mpeni chai, kwani ni mtu aliyekitoa kitu mkononi akakibakiza mdomoni. Mzigo ni wake, msimpokee.

Karakana ya vioo ndiyo inayoninyima kufa vizuri. Mnakumbuka tulivyopokezana vioo na marehemu baba yenu, na nyinyi mlipopata kimo cha kufika mezani: anayetoa huuliza, "Unacho?", anayepokea hujibu, "Ninacho", na papo hapo anayetoa huondoa vidole. Akiondoa mapema, kioo kinaanguka. Akichelewa, kila mmoja anavutia kwake, kinapasuka katikati, na damu haiulizi nani alikuwa na nia njema. Huko ndiko kuachia, wanangu. Kuacha tu, hata mlevi huacha kofia yake baa. Kuachia kunataka mikono ya mtu mwingine, na kuiamini.

Wewe, Meneja, ulisimama mbele ya wakwe ukasema, "Karakana namwachia dada yangu, mimi kazi ya ofisini inanitosha." Wakakupigia makofi, mama mkwe wako akafuta machozi, na ufunguo ukarudi nao mfukoni. Kila asubuhi mdogo wako anakungoja barazani pamoja na wateja, kama wagonjwa wanaomngoja daktari, mpaka bwana ufike, ufungue, uguseguse kila kioo, useme, "Mimi nisingekikata hivi." Nilipokuuliza, ulinijibu, "Mama, namwangalizia tu." Fahali wawili hawakai zizi moja, baba, hata kama mmoja amekuja kuangalizia.

Na wewe, Chiriku wangu, usinicheke chini chini. Jina hilo ulilipata kwa kelele, lakini hili umelinung'unikia jikoni kwa masufuria, kakako hukumwambia neno. Asiyesema "ninacho", mwenzake atajuaje wakati wa kuondoa vidole?

Utoe ufunguo, Meneja. Usinipe mimi, niendako sina mlango wa kufungua. Mpe dada yako... Ndiyo. Lakini vidole vyako bado viko juu yake, ninaviona, macho hayajanitoka.

Nizikeni bila kungoja watu wa mbali. Hotuba ziwe fupi, baba yenu mdogo ana yake ndefu ya kututosha. Mungu awape riziki isiyo na ugomvi... awape mikono mizima, na watoto watakaowasikia kuliko mlivyonisikia mimi. Pendaneni. Nimewaridhia nyote, mmoja kama mwenzake.

Muulize basi, Meneja, kama tulivyoulizana mezani... Chiriku, jibu. Kwa sauti, mama, nisikie.

"Ninao, kaka."

Umesikia, Meneja? Kashasema. Achia, mwanangu... hivyo. Hivyo hivyo.

Na huu wangu... mkono... nao pia. Taratibu... achia.