Mama Majibu na Kisanduku Kilichobaki Wazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Mama Majibu atazima kompyuta yake, atakunja miwani yake na kukiacha kiti alichokikalia kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini, akiwa Msimamizi wa Maoni ya Wasomaji wa blogu yetu ya michezo. Ndiye pekee kati yetu aliyekuwepo tangu siku ya kwanza.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Mhariri Mkuu ameniambia nisizidishe kurasa mbili na nisilie juu ya karatasi. La kwanza nitajitahidi. La pili siahidi, kwa sababu nimeolewa wiki sita zilizopita na siku hizi kila kitu kinanitoa machozi, hata vikombe viwili vilivyooshwa na kufunikwa pamoja.

Mama Majibu aliajiriwa kama mpiga chapa. Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba, chumba kilekile ambacho leo ni stoo yetu, na hadi sasa ukifungua dirisha la nyuma unasikia harufu ya rangi. Hakujua chochote kuhusu mpira. Wiki ya pili aliandika kwenye blogu kuwaomba wasomaji wamweleze kuotea ni nini. Alipata maelezo tisini na moja, na hakuna mawili yaliyofanana. Aliyajibu yote. Hapo ndipo wasomaji walipompa jina, na jina likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mumewe, ambaye ni seremala, naye humwita hivyohivyo nyumbani, hasa akiwa ameulizwa swali ambalo hataki kulijibu yeye.

Blogu yetu ni ya bure, kila anayeisoma anajua hilo. Kinachotuweka mjini ni wadhamini, na wadhamini huleta matangazo, na matangazo huleta maneno. Kazi ya Mama Majibu ilikuwa kukaa katikati ya wadhamini na wasomaji. Wenye godoro wanataka godoro lao lisifiwe katikati ya ripoti ya mechi. Msomaji anataka kujua nani amefunga. Mtu mwingine angechoka mwaka wa kwanza. Yeye alinunua daftari la mirabaraba, akaanza kuandika majina ya utani ya wasomaji na kinachomuuma kila mmoja. Nimeliona daftari hilo. Kuna mahali pameandikwa: "Mke wa Refa. Usimtanie kuhusu penalti." Na chini yake: "Goti Bovu. Timu yake ikifungwa, mpe siku mbili."

Ni yeye aliyeleta sheria ya kuandika "Habari hii imelipiwa" juu kabisa ya kila tangazo lililovaa sura ya habari. Kaka wa matangazo, mwenzetu anayewatafuta wadhamini, alipinga kwamba itawafukuza. Msomaji mmoja naye akatuandikia ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama Majibu alimjibu kwamba ni kweli, sisi vyetu tunavitembeza, lakini havitatembea uchi wala kwa jina la kuazima. Kaka wa matangazo aliibandika karatasi ya jibu hilo ukutani mwenyewe. Ipo mpaka leo, imepauka pembeni.

Na ni yeye aliyeleta utaratibu wa malalamiko kabla ya chai. Kila Jumatatu asubuhi huchapisha maoni makali ya wiki, husimama karibu na birika na kuyasoma kwa sauti, kwa lafudhi ya hasira ya mwenyewe aliyeyaandika. Hakuna anayegusa kikombe mpaka amalize. Mhariri Mkuu aliwahi kujaribu kujimiminia kimyakimya, akaambiwa, "Baba, chai haikimbii. Msomaji ndiye anayekimbia." Alirudisha kikombe mahali pake, na ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusunusu. Naliandika lote, kwa ruhusa yake, kwa sababu lilikuwa kosa langu.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miezi mitatu kazini, kampuni ya dawa ya kuchua ilitudhamini. Mtambo wetu huweka tangazo chini ya habari yenye maneno ambayo mdhamini ameyachagua. Mimi ndiye niliyeyaingiza: goti, mguu, maumivu, jeraha. Sikufikiri zaidi ya hapo. Wadhamini waliomba pia lile neno la "imelipiwa" likae chini ya picha badala ya juu, nami nikaona aibu kuwakatalia wageni. Jumamosi ya wiki hiyo, mbele ya uwanja uliojaa, kipa tunayempenda sote alivunjika mguu. Mwandishi wetu akabandika habari. Mara hiyohiyo, chini ya picha ya kipa akiwa juu ya machela, akatokea mwanamume anayecheka huku akijisugua goti, na maneno makubwa: "Maumivu? Jipake leo, kesho uko uwanjani."

Wasomaji walitushukia kama mvua ya mawe. Mke wa Refa aliandika, "Mume wangu anazomewa kila wiki, lakini leo nyinyi mmempumzisha." Goti Bovu aliandika, "Dawa hiyo naitumia mwezi wa nane huu. Goti liko vilevile, ila sasa linanukia." Na mmoja aliyejiita Fundi Friji aliandika: "Kipa wetu kavunjika, nyinyi mnamuuzia dawa ya kuchua. Kesho mtu akifa mtambandikia tangazo la makabati chini ya picha ya jeneza lake?"

Maoni yalifika mia tatu themanini na sita. Jumatatu, kwa mara ya kwanza, Mama Majibu hakuweza kuyamaliza kabla ya maji ya birika kupoa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa stoo nikisubiri jina langu litajwe. Halikutajwa. Alifika mwisho, akaweka karatasi mezani, akasema, "Mimi ndiye niliyepaswa kuangalia."

Wadhamini nao walikuja juu. Walitaka kisanduku cha maoni kifungwe chini ya matangazo yote, milele, la sivyo wanaondoka. Mhariri Mkuu alikuwa tayari kukubali, na simlaumu. Wadhamini wakiondoka, blogu haitakuwa ya bure tena, na yule msomaji wetu anayesomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ataipata wapi? Lakini kisanduku kikifungwa, wasomaji watajua kwamba tunataka macho yao tu, mdomo hatuutaki. Mama Majibu aliomba siku saba. Alisema wasomaji wasiporudi kuzungumza nasi kwa wema katika siku hizo, atakifunga kisanduku kwa mkono wake mwenyewe, na daftari lake atalipeleka nyumbani.

Nilimwomba nimsaidie. Niliandika jibu moja zuri la kuomba radhi, nikapendekeza tulibandike kwa wote mia tatu themanini na sita. Alilisoma hadi mwisho. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ukiwakosea watu kumi nyumbani kwao, utasimama barabarani uwapungie mkono wote mara moja?" Tukaanza na wa kwanza.

Nilijifunza kazi hii siku hizo saba. Alimwita kila mtu kwa jina lake alilojipa. Alikubali kosa kabla ya kueleza lolote. Hakumkumbusha mtu hata mmoja kwamba blogu ni ya bure. Nilipomuuliza kwa nini, ilhali huo ndio utetezi wetu mkubwa, alisema msomaji hakutoa hela lakini ametoa mchana wake, na mchana haurudishwi.

Kisha akafika kwa Goti Bovu. Akaandika, mbele ya watu wote, chini ya tangazo la mdhamini mwenyewe: "Goti Bovu, ndugu yangu, maumivu ya miezi minane si ya kuchua. Dawa hii ni ya uchovu wa siku mbili tatu. Nenda hospitali wakalipige picha, kisha urudi uniambie." Kaka wa matangazo alipoliona hilo alikaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili na kusema, "Mama, umetuzika." Yeye akamwambia asubiri, bado hata kaburi halijachimbwa.

Siku ya tano simu ya ofisi ililia. Alikuwa mama mwenye kampuni ya dawa, si mawakala wake bali yeye mwenyewe. Alikuwa amesoma majibu yote. Sote tuliacha kazi tukasikiliza, tukaona Mama Majibu akisema "naam" mara nne na "asante, dada" mara moja. Alipokata simu alituambia kwamba mama yule amesema neno lile kwa Goti Bovu ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyowahi kuandikwa karibu na dawa yake, na kwamba watu wanaoambiwa ukweli ndio hununua mara ya pili. Tangazo la kipa liondolewe. Neno la "imelipiwa" lirudi juu. Kisanduku kiachwe wazi. Kaka wa matangazo alikwenda stoo, akakaa huko dakika kadhaa, akarudi amenawa uso.

Siku ya saba waliokuwa wamejibu majibu yetu walikuwa zaidi ya mia mbili. Goti Bovu alirudi wiki mbili baadaye kusema amepigwa picha, wamegundua tatizo, na atapasuliwa. Leo anakwenda uwanjani kwa miguu yake. Ijumaa atakuwa ukumbini nasi, safu ya mbele, kwa hiyo tafadhali jina hili la utani tulisahau kwa siku moja.

Na Fundi Friji? Mama Majibu alimwandikia: "Fundi, la makabati limetuchoma, na tulistahili kuchomeka. Tumelitoa tangazo. Tusamehe." Akajibu: "Nimesamehe, Mama. Ila friji yenu ikiharibika msiniite." Friji yetu ikaharibika kabla mwezi haujaisha. Mama Majibu akamwita.

Alipanda ngazi na mfuko wa vifaa begani, akauliza kwa sauti ni nani aliyeyaingiza yale maneno kwenye mtambo. Nilisema ni mimi, nikiwa na ndoo ya maji yaliyovuja mkononi. Aliniangalia, akaipokea ile ndoo, akaenda kuimwaga. Alitengeneza friji siku hiyo. Akarudi wiki iliyofuata kuikagua, na iliyofuata, na nyingine tena. Mara ya nne Mama Majibu hakuinua hata macho kwenye kompyuta. "Fundi," alisema, "friji ilipona siku nyingi. Anayeumwa humu ni mwingine." Wiki sita zilizopita, kwenye harusi yetu, mama huyu alikaa upande wangu, karibu na mama yangu mzazi, akiwa na leso mbili, moja yake na moja yangu. Mume wangu amenipa ujumbe niuweke hapa: anasema anaomba radhi kwa la makabati, lakini hajutii kuliandika.

Mtanisamehe kwa kuchanganya furaha yangu na wasifu wa mtu mwingine. Sijui namna ya kuzitenganisha. Nyumba yangu imejengwa juu ya jibu alilolipa uzito wakati mimi nilitaka kubandika moja kwa wote.

Kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti chake. Mto alioushona kwa mkono ameuacha pale. Daftari amenikabidhi, na ukurasa wa mwisho ameandika jina langu, na mbele yake: "Huogopa kukataa wageni. Mpe muda." Anasema kwa mara ya kwanza katika maisha yake atasoma habari za michezo bila kalamu mkononi, huku mjukuu wake akimkatiza na mumewe akimuuliza nani amefunga.

Sikumwamini, na nilikuwa na haki. Jana asubuhi, chini ya tangazo la godoro, limeingia oni kutoka kwa msomaji mpya anayejiita Bibi wa Dirishani. Linasema: "Mhusika wa majibu, hujambo. Maneno 'Habari hii imelipiwa' mmeyaandika madogo kuliko jina la godoro. Wengine macho yetu yamestaafu kabla yetu. Nasubiri." Mama Majibu alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, akijifanya anapanga droo.

Nilisimama karibu na birika, nikalisoma kwa sauti, na hakuna aliyegusa kikombe. Kisha nikaketi nikamjibu, na jibu hilo naliweka hapa ili lisomwe mbele yake na mbele yenu nyote:

Bibi wa Dirishani, sijambo. Umesema kweli, na kosa ni letu. Maneno tumeyakuza, sasa yanalipita godoro. Asante kwa miaka ishirini na miwili ya kutusomea makosa yetu kabla ya chai. Nenda nyumbani salama, ulale mchana ukitaka, umlee mjukuu, na maisha yaliyo mbele yako yawe mepesi na marefu. Ukituona tumekosea tena, tuandikie. Kisanduku kiko wazi, na kuna mtu anasoma.