Mtumbwi wa Kilimani Mugoma

Kijiwe hicho cha Mugoma hakina jina rasmi. Watu husema tu "pale kwa Speciosa," kwa sababu Speciosa ndiye mwenye birika, mwenye jiko la mkaa, na mwenye neno la mwisho kuhusu nani amekwisha kunywa vya kutosha. Benchi ni moja, refu, la ubao wa mvule. Alilitengeneza Frednand, fundi ambaye ameshika tezo tangu ujana wake akichonga imivure, yale magogo marefu yaliyotobolewa katikati ambamo watu wa Ngara hukamulia ndizi za pombe. Mwezi huo wote palikuwa na kitu kigeni kando ya benchi. Mtumbwi mzima ulikuwa umelala pembeni mwa barabara, umefunikwa majani ya migomba kuanzia mwanzo hadi mwisho ili jua lisiupasue, jinsi umuvure wowote wa pombe unavyofunikwa siku zote. Kutoka hapo hadi mto Ruvubu kuna mteremko, bonde, kilima, na mteremko mwingine. Ndiyo maana Frednand, ambaye mkewe na paroko humwita Frednand, hapo kijiweni anaitwa Nuhu.

Asubuhi hiyo Nuhu hakuketi. Alisimama akitazama barabara ya bondeni.

– Kaa unywe kahawa, Nuhu, – alisema Gaspari. – Gharika haijaanza.

Gaspari aliwahi kuwa karani wa ghala la kahawa, na tangu astaafu amesoma kila kitabu cha meli alichoweza kuazima. Anaitwa Admirali. Hajawahi kulala mahali pasipo na mlima.

– Nimesimama tu, – alisema Frednand. – Mama Clotilda anakuja leo kuutazama.

– Akiukataa?

– Hataukataa.

Alisema hivyo jana, alisema juzi, na alisema siku ile mti ulipoangushwa. Clotilda ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa ng'ambo ya mto. Mtumbwi wao wa zamani ulivunjwa na kiboko, na tangu siku hiyo mama mwenye uchungu hana njia ya kufika zahanati ya upande huu ila kubebwa kwenye machela, wanaume wakipokezana mabega, kuzunguka hadi darajani, kutwa nzima. Ng'ambo hiyo ndiko alikoolewa Akimana, binti yake Frednand, na mimba ya Akimana sasa ilikuwa inahesabiwa kwa wiki. Frednand hakuwa amechonga mtumbwi hata mmoja maishani mwake. Clotilda alipomuuliza kama anaweza, alijibu kwamba anaweza, akaenda nyumbani kunoa tezo.

– Tatizo lako, mzee wangu, – alisema Jeremia, – ni kwamba wewe ni fundi wa pombe.

Jeremia huchaji simu za watu kwenye kibanda cha jirani, na elimu yake yote ameipata kwenye hizo simu zikiwa kwenye chaji. Kwa hiyo anaitwa Satelaiti.

– Miaka yote nimezuia pombe isitoke, – alisema Frednand. – Sasa nimeambiwa nizuie maji yasiingie. Mti ni uleule, ufundi ni uleule.

– Haiwezi kuwa sawa. Kwenye pombe hakuna viboko.

– Wapo, – alisema Speciosa akimimina. – Hujamwona mume wangu Jumapili jioni.

Walicheka wote, Frednand naye kidogo. Gaspari alingoja kicheko kiishe, akaweka kikombe chini, ishara kwamba sasa historia inaanza.

– Mnacheka kitu ambacho dunia ilikwisha kukimaliza zamani. Meli kuanzia nchi kavu si ajabu. Wajerumani walijenga meli yao huko kwao Papenburg, wakaifungua, wakaitia kwenye makasha. Ikashuka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa Kigoma. Graf von Götzen.

– Gozeni, – alisema Jeremia.

– Götzen. Lilikuwa jina la gavana. Na Waingereza nao wakaona hawawezi kukaa kimya. Wakaleta boti mbili kupitia Kongo, zikavutwa juu ya milima kwa ng'ombe na kwa mashine za mvuke, mpaka Ziwa Tanganyika, kupigana nayo. Moja iliitwa Mimi.

– Wewe?

– Mimi! Jina la boti. Ya pili Toutou.

– Wazungu hawa, – alisema Speciosa. – Vita vyote hivyo, na boti inaitwa Mimi.

– Sasa sikilizeni. Wajerumani walipoona mambo yameharibika, waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi. Grisi! Miaka ikapita, Waingereza wakaiopoa, ikawashwa, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na dagaa miaka na miaka. Kwa nini? Kwa sababu fundi aliyeizamisha aliipenda.

Frednand aligeuka kidogo kumtazama. Alikuwa amepaka mtumbwi wake mawese ndani na nje, mara mbili, na hakuwa amemwambia mtu.

– Umeupima lakini? – aliuliza Gaspari.

– Nimeujaza maji kutwa nzima. Mpaka kiganja kimoja chini ya ukingo. Halikudondoka tone.

– Mbona hukujaza mpaka juu?

– Umuvure haujazwi mpaka juu.

Jibu lilimtosha kila mtu. Speciosa aliongeza mkaa.

– Hiyo ya Kigoma ni ndogo, – alisema Jeremia. – Kuna sultani wa Kituruki, alitaka kuuteka mji wa Konstantinopoli. Wale wa mjini wakafunga bandari kwa mnyororo mnene, meli zisiingie. Jamaa akafanyaje? Akalaza magogo kilimani, akayapaka mafuta, akavuta meli zake juu ya kilima, zikashukia ndani ya bandari. Watu wameamka asubuhi, wanakuta meli zimetoka mlimani.

Gaspari alitaka kukataa, akakumbuka ni kweli.

– Mwaka 1453, – alisema, ili asiachwe nyuma.

– Sawa. Sasa Wachina. Wachina walikuwa na meli kubwa kuliko kanisa la parokia. Walikuja Afrika wakarudi kwao na twiga. Twiga mzima, melini! Mfalme wao akashangaa mpaka wakamchora yule twiga. Sasa jiulize, Admirali, twiga walimtoa wapi?

– Malindi.

– Malindi kuna nini? Twiga yuko bara. Kwa hiyo walipanda mito. Walifika hapa. Ruvubu hii.

– Satelaiti, Ruvubu inaingia Kagera. Kagera inaingia Ziwa Victoria. Ziwa linatoa Nile, na Nile inakwenda Misri. China iko wapi hapo?

– Basi walipitia Misri.

– Na twiga?

– Aliinamisha shingo kwenye madaraja.

Speciosa alilazimika kuweka birika chini ili asiungue. Jeremia, akiona amepata uwanja, hakujua kusimama.

– Maana yake mtumbwi wa Nuhu, siku kamba ya kuuvusha mtoni ikikatika, abiria wanakwenda kushukia Misri bila nauli!

Frednand alikuwa amegeuka kabisa kutoka barabarani.

– Siku kamba itakapokatika, Jeremia, – alisema polepole, – ndani atakuwamo Akimana.

– Mzee, nisamehe. Mdomo umeteleza.

– Najua.

– Sikuwa na maana hiyo.

– Najua, mwanangu. Ila mimi nikilala ndiyo naiota hiyo, na nikiamka nachonga. Sina nafasi ya kuicheka.

Gaspari alikohoa. Ni mtu mpole chini ya vitabu vyake, na aliona ni juu yake kuokoa mambo.

– Nitawaambia jambo ambalo sijaliona limeandikwa popote, – alisema, – lakini nina hakika nalo. Nuhu wa Biblia. Aliposhuka kutoka safinani, kazi yake ya kwanza ilikuwa nini?

– Kutoa sadaka, – alisema Speciosa.

– Baada ya sadaka.

– Kulima.

– Kulima nini? Mizabibu! Akanywa divai, akalewa, imeandikwa. Sasa tumieni akili. Dunia imefunikwa na maji, kila kitu kimeoza. Hakuna pipa, hakuna mtungi, hakuna duka. Mzee ana zabibu zimeiva. Atazikamulia wapi?

– Acha, – alinong'ona Jeremia.

– Ana gogo kubwa ajabu limelala mlimani, limetobolewa katikati, halivuji, na halina kazi tena! Jamani, safina ndiyo umuvure wa kwanza. Imivure yote ya Ngara, ya Biharamulo, ya Burundi, ni watoto wa safina. Kwa hiyo Frednand hajabadili kazi. Amerudi kwenye asili ya kazi yake!

– Ego, ndiyo! – alisema Speciosa, akampigia makofi kwa kugonga kifuniko cha birika. – Hapo Admirali umesema!

Frednand alitabasamu. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alichukua kikombe, akaketi ukingoni mwa benchi. Alikuwa bado anapuliza kahawa, mgongo wake kwa barabara, wakati sauti ya mwanamke iliposema nyuma yake:

– Hodi hapa. Shikamooni wazee.

– Marahaba, mama, – alijibu Gaspari. – Karibu benchi.

Clotilda hakukaribia benchi. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kitenge juu ya sweta, viatu vyake vya plastiki vimejaa tope la mtoni. Aliwasalimia wote, akamuuliza Frednand habari za nyumbani, akampa habari za Akimana: anakula, analala, miguu imevimba kidogo, anamsalimu baba. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi.

Gaspari na Jeremia walimfuata, kila mmoja upande wake, kama mashahidi.

– Mama, chombo hiki ni cha mvule, – alisema Gaspari. – Meli nyingi za kihistoria...

– Naona ni mvule, baba.

Alipiga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alipiga tena mahali pengine. Alifunua majani katikati, akaingiza mkono, akapapasa sakafu. Ilikuwa bapa na nene, na aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Frednand, aliyesimama na kikombe mkononi, alikunywa funda refu. Clotilda alitembea mpaka mwisho wa mtumbwi, akaondoa majani ya mwisho, akainama.

– Na hapa, – aliuliza, – ni mahali pa nini?

Hapo ukingo wa mtumbwi ulikuwa na pengo. Lilikuwa pengo zuri, lenye kingo laini, limechimbwa kushuka kama kiganja kimoja, limepinda kidogo kwenda nje kama mdomo wa birika la Speciosa. Maji yangepita hapo bila kugusa mbao pembeni.

Gaspari alilitazama. Aliijua Götzen, alizijua boti za Kongo, aliujua mwaka wa sultani. Pengo hili hakulijua. Jeremia aliangalia simu yake, ambayo ilikuwa imezimwa. Speciosa alikuja na birika mkononi, akachungulia, akarudi kwenye jiko.

Frednand hakuhitaji kusogea. Alijua ni nini kabla hajamaliza kusikia swali. Kila umuvure, siku ya mwisho, baada ya kusugua na kupaka mafuta, hupewa mdomo wa kumiminia pombe. Baba yake alifanya hivyo, na yeye amefanya hivyo maisha yake yote. Siku ya mwisho ya mtumbwi alikuwa akimuwaza Akimana, na mkono ulifanya kazi yake. Kisha yeye mwenyewe akaufunika kwa majani, akajaza maji mpaka chini ya mdomo, akasema hauvuji.

– Ni mdomo wa pombe, – alisema.

– Na watu wakikaa ndani, chombo kikashuka?

– Maji yataingia.

Clotilda alinyooka. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

– Baba Akimana, mvua zinaanza. Sina mti mwingine, nawe huna. Niwaambie nini wenzangu?

Frednand aliweka kikombe juu ya kilima cha vumbi la mbao. Alilitazama pengo, akalipima kwa vidole, upana na kina. Kisha akatazama kijiwe chake: jiko, birika, watu wawili ambao walikuwa wamekwisha kurudi kuketi.

– Simameni, – alisema.

– Kuna nini? – aliuliza Gaspari.

– Nataka ubao.

– Ubao gani?

– Huo mliokalia. Ni mvule mkavu, umekaa juani miaka, hautavimba wala kupinda. Simameni.

– Nuhu! Hili ni benchi la watu!

– Nililitengeneza mimi. Jeremia, niletee nyundo. Admirali, wale watu wako wa meli, walikuwa wanaziba nyufa kwa kitu gani?

Gaspari alisimama, taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliulizwa kitu ambacho kilikuwa na kazi.

– Pamba, – alisema. – Pamba iliyosokotwa, na lami juu yake. Wanaita kalafati.

– Lami ipo, ilibaki tulipoziba paa la kibanda cha Jeremia. Pamba?

Speciosa tayari alikuwa amefumua mto aliokuwa akikalia.

Walifanya kazi mpaka jua likapita kichwani. Benchi lilitoka misumari likilia. Frednand alikata kipande, akakichonga, akakijaribu, akakitoa, akakichonga tena, na hakuzungumza na mtu. Kilipoingia kilikaza kiasi kwamba Jeremia alijaribu kukivuta kwa mikono miwili, akashindwa. Walipokwisha kuziba nyufa kwa pamba na lami, waliujaza mtumbwi maji, safari hii mpaka juu, mpaka yakamwagikia pande zote mbili. Clotilda alichuchumaa mbele ya kiraka muda mrefu. Alipitisha kitambaa kikavu chini yake. Kikatoka kikavu.

– Nani atavuka nao kwanza? – aliuliza.

– Mimi.

– Unajua kuogelea?

– Sijui.

Clotilda alimtazama usoni, kisha akalitazama lile pengo lililozibwa.

– Basi utakuwa umeziba vizuri, – alisema, akaanza kukaza kitenge chake. – Leo hiihii, baba. Akimana asisubiri.

Gari la kubeba mbao linalopita hapo lingewafikisha mahali barabara inapoishia. Kuanzia hapo ni mteremko, na mteremko ni mabega. Waliyamwaga maji, wakaugeuza mtumbwi kifudifudi. Gaspari na Jeremia walikuwa bado wamesimama na vikombe mkononi, wakitafuta kwa macho mahali pa kukaa. Palikuwa na miguu minne tu ya benchi imechomoza ardhini.

Speciosa alinyoosha mkono, akavichukua vile vikombe.

– Admirali, – alisema, – wewe shika upande wa mbele.