Ramu ya Kompyuta ya Kichogo

Noela alikaa katikati ya bajaji ya kuchangia kutoka Vingunguti, kwa hiyo asingeweza kuacha kusikia hata kama angetaka, na hakutaka. Kushoto kwake mama mmoja, karani wa parokia, alikuwa ameshika ramu, kile kibao kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, kwa ncha za vidole.

"Shikamoo mama. Hiyo si ya makumbusho?" aliuliza kijana wa kulia, fundi simu.

"Marahaba. Ya kompyuta yetu ya kichogo, ile ya zamani. Ina megabaiti nane, na kwa hii zitakuwa kumi na sita."

"Nane? Picha moja ya simu yangu inazishinda!"

"Nane hizo zimetufungulia daftari la waliobatizwa kwa miaka ishirini na tisa. Watu elfu kumi na moja."

Noela akashika mdomo. Simu yake ilikuwa ikiganda kwa vibonzo tu.

"Itupeni, mama, mnunue mpya."

"Na hao elfu kumi na moja waliomo ndani? Siku hizi tu ikifika herufi S inakwama."

Kijana akamgeukia. "Kumbe ndiyo maana cheti changu cha ubatizo hakitoki hapo parokiani? Mie nafunga ndoa mwezi ujao!"

"Jina nani?"

"Valerian. V, baada ya S."

Bajaji ikasimama mbele ya parokia. Mama akamnyooshea ile ramu ili akaifunge, na fundi akaipokea kwa mikono miwili.