Mgeni Asiyekula kwa Maman

Ndugu zangu, kabla sijamaliza wiki yangu ya kwanza hapa Bukavu, watu wa mtaa wetu waliamini kwamba mama aliyenipokea alikuwa ananiwekea sumu. Mimi ndiye niliyewafanya waamini hivyo, na sikuwa nimemsema vibaya hata mara moja.

Nimeombwa nisimame mbele ya wanafunzi wageni wa mwaka huu na familia zitakazowapokea. Sitataja jina la mtu. Baadhi ya wenye habari hii wako humu ndani, nao wameniruhusu kuisema.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, Tanzania, na nilikuja kusomea uuguzi. Nilipita Bujumbura, nikaingia Uvira, nikapita mashamba ya mpunga ya Luberizi, halafu ikaanza milima. Njia nzima nilikuwa nasikia maneno ya baba yangu: "Usipeleke masharti kwenye nyumba ya watu. Wakikuchoka, utarudi." Chuo kilikuwa kimenipatia familia hiyo moja tu. Nikiipoteza, sina pa kulala, na bila pa kulala sina masomo. Hofu hiyo ndiyo niliyoingia nayo langoni.

Nyumba yao iko Panzi, ndani ya parsele, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa na lango moja. Baba wa nyumba, ambaye wote humwita Papa, ni mwalimu. Mama wa nyumba, ambaye majirani wote humwita Maman, hupika chakula cha mchana na kukipeleka kwenye ofisi za mjini. Watoto wao wanasoma kwa chakula hicho.

Jioni ile niliyofika walinipokea kama binti aliyerudi nyumbani. Maman akafunua sufuria.

"Hii iko ngurube ya Nyantende," Papa akasema, anang'aa kwa furaha. "Mugeni wetu hawezi kulala bila kuionja."

Ndugu zangu, nguruwe, na mimi ni Mwislamu. Hawakujua. Hakuna aliyewaambia, na kitambaa changu cha kichwani kilifanana na cha wanawake wote niliowaona barabarani. Nikiwa bado nimeduwaa, Maman akafanya jambo ambalo kwetu sijawahi kuliona. Alichota kidogo katika kila sufuria, akala yeye kwanza. Akafungua soda mbele ya macho yangu, akamimina kidogo kwenye glasi yake, akanywa, ndipo akanisogezea chupa. Kwetu mwenyeji hamtangulii mgeni. Nikasema moyoni, huyu mama ana njaa kweli.

Mnacheka, ninyi mnaojua. Mimi sikujua kwamba alikuwa ananiambia, kwa adabu yote, kuwa chakula chake ni salama.

"Nimeshiba, Maman," nikajibu. "Nilikula njiani."

Kesho yake walipika sambaza, dagaa wa ziwa hili. Samaki ningeweza kula, lakini sufuria niliitambua, ni ileile ya nyama. Nikasema nimekula chuoni. Siku iliyofuata nikasema hivyohivyo. Nilinunua ndizi na biskuti, nikala chumbani mlango umefungwa, na maganda nikatoka nayo kwenye mkoba. Kwa kuwa tumbo langu halikuzoea maji ya huku, nilikunywa ya chupa tu, chupa niliyoifungua mwenyewe. Maman aliendelea kuonja kila sufuria mbele yangu. Nami niliendelea kushiba.

Binti yao mkubwa, aliyeniita yaya kwa maana ya dada, akaniuliza, "Yaya, weye unakulaka wapi?"

"Chuoni."

"Chuo gani inapikaka siku ya Mungu?"

Ilikuwa Jumapili. Nikacheka peke yangu, nikaingia chumbani.

Mwili haudanganyiki. Siku moja nikipanda kilima kwenda darasani, macho yakaingia giza, nikakaa chini kando ya barabara. Wanafunzi wenzangu wakanizunguka, wakanipa juisi. Mmoja akauliza nimekula nini nyumbani. Nikajibu ukweli mtupu: "Pale nyumbani sijala kitu tangu nifike."

Wakatazamana.

"Njo maana," mmoja akasema polepole. "Ata miye, kwa batu sijue, siwezi kula."

Nilidhani ananihurumia. Nilikuwa sijui habari ya sumu ya polepole mnayoiita karuho, wala sikujua kwamba hapa mgeni anayekataa sahani na kunywa maji ya chupa tu ameshatoa mashtaka.

Neno lile lilifika Panzi kabla yangu. Mchana uliofuata Maman alirudi kutoka mjini na vyombo vimejaa. Ofisi ya kwanza walisema siku hiyo wamekula mapema. Ya pili hawakufungua mlango. Bombani wanawake walikuwa wanacheka. Alipofika na ndoo yake, wakanyamaza. Kisha asubuhi tukakuta mtu ameandika kwa makaa kwenye lango: MUROZI, yaani mlozi, mtu anayewapa wenzake sumu. Papa alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Vijana watatu walisimama ng'ambo ya barabara, wanamtazama tu.

Nawaambieni, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa asubuhi ile.

Maman akaniita sebuleni. Hakukaa.

"Mutoto wangu, nilikukosea nini? Sema mbele ya Papa. Unafikiri miye niko murozi?"

"Hapana, Maman!"

"Basi juu ya nini haukule? Batu banaweza kunichoma juu ya ile neno. Unaelewa? Kunichoma."

Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mimi ni Mwislamu, Maman. Niliogopa mtanifukuza."

Maman akamgeukia mumewe. "Papa, na weye ulimupatia ngurube."

"Tena ile sehemu ya mafuta," Papa akajibu, akashika kichwa. Maman akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

Nilidhani yamekwisha. Papa ndiye aliyenionyesha kwamba bado. "Kusema humu ndani haitoshe," alisema. "Batu bapashwe kuona kwa macho."

Ndiyo maana Maman alinunua sufuria mpya na kuwaita majirani wote uani, mchana, jua likiwaka. Papa akamwomba mzee mmoja mfanyabiashara, Mwislamu wa mtaa wa pili, aje kuchinja kuku. Chakula kikapikwa nje, kila mtu anaona mafuta yanavyomiminwa. Nikasimama, nikaeleza yote.

"Redio ya Tanzania inasema muzuri!" jirani mmoja akapaza sauti. "Banakupatia ngapi?"

Watu wakacheka. Nikakaa chini, tukala na Maman sahani moja, mkono wangu na wake. Nilikula haraka kwa njaa hata mzee yule akasema, "Pole pole, binti, kuku amekwisha kufa." Hapo watu wakacheka kicheko kingine. Mwanamke mmoja akanyoosha sahani yake. Kisha wa pili. Lango halijaandikwa tena.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Maman, aliyeniuliza wakati angeweza kunitoa nje na mizigo yangu. Ninamshukuru Papa, mzee yule, na mwanamke wa sahani ya kwanza. Ninyi wageni, semeni mnachokula na msichokula kabla hamjafungua begi; hayo si masharti. Nanyi familia, mgeni akisema ameshiba, muulizeni tena.

Ofisi ya kwanza ilirudi kwa Maman. Ya pili bado. Na yule jirani aliyeniuliza nalipwa ngapi, kila sikukuu tunampelekea sahani. Anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaingia nayo ndani na kufunga mlango. Sahani hurudi imeoshwa. Kama anakula, hakuna anayejua.