Chatu Wangu na Sufuria Iliyorudi Imejaa

Wenzangu, nawasalimu wote: ninyi wa Bwana asifiwe, ninyi wa salaam aleikum, na ninyi mliofuata chai. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na kiti. Dakika nazichukua, kiti nakirudisha. Siwezi kusimulia habari hii nimekaa, kwa hiyo mnivumilie nikizungukazunguka.

Naona wengine mnautazama mkoba wangu. Tulieni. Sikuja naye.

Nianze na mgongo. Mnajua nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Herndon, shifti mbili kwa siku. Siku moja nikamnyanyua bibi mmoja kitandani peke yangu, kwa sababu mwenzangu alikuwa amechelewa na mimi sijui kungoja. Marehemu mama alikuwa akisema nina siafu miguuni. Mgongo ukafanya kah! Daktari akaniambia nikae nyumbani miezi mitano.

Kukaa! Ndugu zangu, nawaambia, kuna watu wakiambiwa hivyo watapiga vigelegele. Mimi niliona nimefungwa. Kijumba chetu cha Woodbridge kina vyumba viwili, na niliviranda mpaka kapeti la koridoni likachakaa. Nafungua friji, nafunga. Napanga vikombe, napangua. Napigia simu watu walioko kazini, na baadhi yao mko hapa, poleni. Baba watoto akirudi namfuata nyumanyuma na maswali mpaka anajifungia bafuni. Moyo unanidunda bila sababu, mikono inatafuta kazi. Nilianza kujiogopa.

Basi jirani yetu wa mlango wa pili ni Mmarekani mweusi, mstaafu wa posta, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani. Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina hata kunyanzi moja. Akabisha hodi.

“Dada yangu, hujambo? Mama yangu mzazi ni mgonjwa, nami ninasafiri kwa wiki mbili. Je, utaweza kumtunza mnyama wangu?”

Nikajua ni paka, nikakubali. Akaleta tangi la kioo, na ndani ya tangi amejikunja chatu.

Nilipiga kelele, sifichi. Lakini mtu ameshakutajia mama mgonjwa, utamkatalia vipi? Akanieleza kwamba huyu si yule chatu wa kumeza mbuzi. Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, hafiki hata mita mbili, na akiogopa hamuumi mtu: anajiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kazi yangu ni kumbadilishia maji na kutazama joto la tangi. Siku nne nilimbadilishia maji nimevaa glavu za kutolea mikate kwenye oveni.

Siku ya tano nikamgusa. Ni mkavu, jamani, tena mzito kuliko anavyoonekana. Nikamweka mapajani, naye akajiviringa, akaficha kichwa. Nikasema, kumbe na wewe una hofu. Nikamngoja afunguke. Ukimtikisa hafunguki, ukijipindapinda hafunguki. Alipotoa kichwa na kuanza kunipitia mkononi nikatazama saa ya jikoni: saa nzima ilikuwa imepita. Sikuwa nimekaa saa nzima tangu nitue uwanja wa ndege wa Dulles.

Jirani aliporudi sikutaka kumrudisha. Akacheka, akaniachia, maana alikuwa na majike mawili. Na kwa kuwa mimi nikipewa shamba nataka na mazao, nikamwambia nataka azae. Akanifundisha: jike lazima anenepe kwanza, dume analetwa miezi ya baridi, halafu unangoja. Neno “unangoja” nililisikia, nikalipuuza.

Sasa chatu anakula panya. Wanauzwa wamegandishwa, unawayeyusha kwenye maji moto. Mimi nikawaweka kwenye mfuko mweusi, kwenye friza, nyuma ya samaki. Hapo nilikosea, nasema mbele yenu wote. Nilikuwa mpishi wa misiba ya kikundi hiki. Kuanzia Woodbridge hadi Hyattsville, akifiwa mtu sufuria yangu ndiyo iliyotangulia. Mpishi hawezi kuweka panya na samaki friza moja na kunyamaza. Nilipaswa kuwaambia. Niliona haya.

Mnakumbuka zamu yangu ya kukaribisha kikao kwangu. Dada yetu mmoja kutoka Kenya, simtaji, ila naona ameshaanza kuinama, akaenda kuchukua barafu ya juisi. Tukasikia:

“Woi! Woi! Kuna panya kwa friza! Wamepangwa kama ndizi!”

Mkakimbilia jikoni. Mwingine kwa kukimbia upande mwingine akaingia chumba cha kulala, akaonana na chatu uso kwa uso. Kikao kikaishia kwenye maegesho ya magari. Kabla sijafuta ile juisi sakafuni habari ilikuwa imeshafika Herndon. Mara nafuga jini. Mara nina joka la kutapika pesa! Jamani, mimi ninayevaa koti la mnada tangu nifike nchi hii, joka langu linatapikia wapi?

Nilicheka kwanza. Kisha ukatokea msiba Hyattsville, nami sikuambiwa nisipike, basi nikapika. Pilau ya sufuria kubwa, na kachumbari. Tukafika, nikafunua. Watu wakapita. Mmoja akasema ameshiba, mwingine amefunga, mwingine tumbo linamsumbua. Hakuna aliyenitukana. Sufuria ikarudi nyumbani imejaa, imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, gari zima linanukia bizari, na baba watoto anaendesha bila kufungua redio. Alikula ile pilau siku nne, asubuhi na jioni. Niliumia kuliko siku ya mgongo.

Nikaacha kuja vikaoni. Nikamgeukia chatu kwa nguvu zote. Nikasema watanitambua akizaa. Dume akaletwa, akaondoka, na jike wangu akaanza kukataa chakula, akawa analala amegeuza tumbo juu, jirani akasema tayari ana mimba. Masika akataga mayai sita. Meupe, marefu kidogo, ganda laini kama ngozi. Tulikuwa tumetengeneza boksi la kuangulia kwa povu gumu jeupe lile la kuhifadhia samaki, na hita ya maji ndani. Jirani akayapanga mayai yangali mapya, akaweka alama ya penseli juu ya kila yai.

“Dada yangu, alama hii ibaki juu siku zote. Tafadhali, usiyageuze mayai haya.”

Wenzangu, mnijibu: ninyi mliokulia kwenye mabanda ya kuku, yai linaloatamiwa si linageuzwa? Kwetu Korogwe mama aliangua vifaranga kwenye sanduku lenye taa ya chemli, na kazi yangu ilikuwa hiyo. Unaweka alama ya mkaa upande mmoja. Asubuhi alama juu, jioni alama chini. Kuku mwenyewe anageuza kwa mdomo! Nikamtazama jirani yangu nikasema moyoni, huyu mtu wa posta anifundishe mayai mimi?

Nikageuza. Asubuhi na jioni, kwa upole, na bismillahi juu yake. Niseme ukweli zaidi: mara nyingine hata mchana, maana mikono ilikuwa inawasha. Nikisikia uchungu wa ile pilau, naenda kugeuza mayai.

Wiki ya tatu yakaanza kuwa manjano. Wiki ya tano yamebonyea na kuota ukungu. Nikamwita jirani. Akafunua boksi, akavua kofia.

“Uliyageuza?”

“Mara mbili kwa siku.”

Akanieleza taratibu. Yai la nyoka si la kuku. Mtoto anajishikiza ndani ya ganda, upande wa juu, mapema kabisa, na ukilipindua anazama kwenye maji yake mwenyewe. Yote sita yalikuwa na uhai siku ya kwanza. Yote sita niliyazamisha mimi, kwa mikono hii, nikidhani natunza.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mtacheka, mayai ya nyoka! Lakini mimi niliona maisha yangu yote kwenye lile boksi. Bibi wa Herndon niliyemnyanyua bila kumngoja mwenzangu. Mume ninayemfuata mpaka bafuni. Kila nikipendacho nakigeuzageuza mpaka kife. Nikaacha kuoga. Nikaacha kupokea simu. Baba watoto akileta chai namrushia maneno, mpaka akaanza kulala sebuleni. Na siafu wa miguuni wakatulia, ndugu zangu, na huko kutulia ndiko kulikonitisha zaidi.

Alhamisi moja mlango ukagongwa. Nani? Yule dada wa barafu. Amevaa koti, amevaa viatu, amesimama kizingitini.

“Hiyo kitu imefungwa?”

“Imefungwa.”

“Sawa. Mimi siingii. Naketi hapa kwa mlango. Si ati nimekubali hiyo nyoka yako, nisikudanganye. Nimekuja kukuona wewe.”

Akaketi kwenye kiti cha kuvulia viatu. Hakunihubiria. Akaniuliza nimekula nini. Alhamisi iliyofuata akarudi, na nyingine, kila akitoka kazini, koti halivui. Siku moja nikamweleza habari ya mayai, nikijua atacheka. Alilia. Akaniambia yeye ndiye aliyepiga simu ya kwanza siku ile ya panya, na simu hiyo haijawahi kumpa amani. Tukalia wote, yeye kule mlangoni, mimi huku kwenye kochi.

Mwaka ukazunguka. Mgongo ukapona, nikarudi kazini, na safari hii tunanyanyua wagonjwa tukiwa wawili wawili. Friza ndogo ya panya ikanunuliwa, ikakaa kwenye kloseti, kabati la ukutani. Chatu akataga tena, mayai sita vilevile. Jirani akayapanga, akaweka alama. Nami mikono ikaanza kuwasha siku ileile.

Nikanunua kufuli. Nikafunga kloseti nyingine, yenye boksi, waya wa kipimajoto nikaupitisha chini ya mlango nisome joto nikiwa nje. Alhamisi ikafika, nikampa yule dada ufunguo.

“Wa nini?”

“Kaa nao miezi miwili. Hata nikipiga magoti usinipe.”

“Yaani mimi, nichunge mayai ya nyoka?”

“Wewe unaogopa. Ndiyo maana hutafungua.”

Nilimpigia simu, sitaki kusema mara ngapi. Nilisingizia moshi. Nilisingizia harufu. Kila mara alisema kitu kimoja: “Soma namba ya joto.” Ninasoma. “Ni ile ya mzee wa posta?” Ndiyo. “Basi pika chai.” Nilikuwa nikipika chai, na baba watoto akawa anakuja kuinywa. Akarudi kulala chumbani bila tangazo.

Siku zilipotimia akaja na ufunguo. Akafungua mwenyewe, kichwa amegeuzia ukutani, jirani akamulika tochi. Mayai matano kati ya sita yamechanika kidogo, na kwenye kila mchaniko kuna kipua kinachungulia. Yule dada akageuka, akatazama kwa muda. Kisha, na mimi sikuamini, akavua koti.

“Sasa tunawasaidia kutoka?” akauliza.

“Tunangoja,” nikasema. Mimi! Nikasema mimi!

Ningeishia hapo mngepiga makofi, lakini bado mlikuwa hamli chakula changu. Majira ya baridi yaliyopita yule dada akafiwa na mama yake, nyumbani, naye hakuweza kusafiri. Mlikusanyika kwake. Akanipigia akasema, “Msiba ni wangu, na ni wewe utapika.” Nilipika nimeosha mikono mpaka ikachubuka. Nikafunua sufuria. Mkasimama na sahani, mnatazama sakafu, na mimi nikaanza kutafuta kifuniko.

Mnajua mila zetu. Mfiwa haendi kwenye sufuria; mfiwa anabembelezwa pale alipoketi, anakataa, anabembelezwa tena. Yeye aliinuka kwenye godoro, kanga kichwani, macho yamevimba. Akapita katikati yenu, akachukua sahani, akajipakulia mwenyewe, akala amesimama mbele yangu mpaka akamaliza. Mstari ukaanza nyuma yake.

Namshukuru, na ameinama tena. Namshukuru jirani wa posta ambaye hajawahi kuniambia “nilikuambia”. Namshukuru baba watoto kwa siku nne za pilau. Nawashukuru na ninyi, maana kupanga mstari ule pia kulitaka moyo. Funzo langu ni dogo. Mwenye uchungu anataka kufanya kitu, na anayemwona mwenye uchungu naye anataka kumfanyia kitu, ampindue, amnyooshe. Kuna mambo yanataka uyakalie karibu na usiyaguse. Mimi bado najifunza, mmeniona nilivyozunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Dunia nzima sasa inahofia mwaka elfu mbili, kompyuta zitazimika, ndege zitaanguka. Sijui. Ninachojua ni kwamba yule dada ana chatu mmoja nyumbani kwake, mdogo, wa yai la tatu, na amempa jina la mama yake.